Uliza, Tukujibu: Safari za hifadhi, misitu na mapori

Likizo ya Juni inakaribia na barua nyingi zilizotufikia mara hii zinahusu safari za ndani. Tumezifupisha bila kugusa kiini cha swali. Wale waliouliza viingilio tumewaacha kwa makusudi: viwango hubadilishwa mara kwa mara, na kiwango kilichochapishwa leo kinaweza kumwaibisha mtu getini kesho. Waulizeni hifadhi wenyewe kabla ya kuondoka.

Tuandike barua kwa nani?

*Ndugu Mhariri, shule yetu inataka kuwapeleka wanafunzi wa kidato cha tatu hifadhini. Mmoja anasema tuandike TANAPA, mwingine TAWA, wa tatu anasema twende Maliasili wilayani. Tofauti ni nini? Mwalimu, Morogoro.*

Mwalimu, amueni kwanza mnakwenda wapi, ndipo mtajua mwenye eneo ni nani. Hifadhi za taifa kama Mikumi, Udzungwa, Ruaha na Serengeti ziko chini ya TANAPA. Humo hakuna makazi ya wananchi, hakuna malisho, hakuna uwindaji. Wengi huihesabu Ngorongoro kuwa mojawapo, lakini sivyo. Ilitengwa na Serengeti mwaka 1959 ili binadamu, mifugo na wanyamapori watumie eneo moja, na ina mamlaka yake, NCAA. Mapori ya akiba, ambako uwindaji wa kitalii huruhusiwa kwa kibali, yako TAWA. Misitu ya hifadhi ya mazingira asilia ni ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Ya kwanza kutangazwa ilikuwa Amani, mwaka 1997. Hifadhi za bahari, kwa mfano Mafia iliyoanzishwa mwaka 1995, zina kitengo chao. Zanzibar nayo ina utaratibu wake, kwa hiyo anayetaka kuwaona kima punju wa Jozani hana sababu ya kuandika Arusha, makao makuu ya TANAPA.

Kwa shule ya Morogoro tungeanza na Uluguru kabla ya kufikiria basi la kwenda mbali. Msitu uko juu ya mji wenu, njia ya Morningside inatembeleka kwa siku moja, na somo la vyanzo vya maji linaonekana kwa macho, kwani mito inayoulisha Ruvu inaanzia kwenye milima hiyo hiyo. Kidato cha tatu watajifunza zaidi kwa kupanda mlima kwa miguu kuliko kwa kugombania dirisha la basi ili kumwona twiga.

Barua itaje tarehe, idadi ya wanafunzi na walimu, umri wa wanafunzi, namba ya gari na somo mnalokwenda kujifunza, iwe na muhuri wa mkuu wa shule, na ifike walau wiki 3 kabla. Umri hauwekwi kwa urembo. Kiingilio hutozwa kwa kundi la umri, na orodha isiyo na umri ndiyo huwaweka watoto getini saa nzima wakihesabiwa upya.

Gari dogo litafika?

*Kaka zangu, nina Toyota IST. Kila ninayemuuliza ananiambia hifadhini haiendi bila gari la fowili. Ni kweli? Na nikikwama ndani nifanyeje? Msomaji, Dar es Salaam.*

Gari lako si kikwazo kikubwa kama unavyoambiwa. Kikwazo ni msimu na udongo. Kuanzia Juni hadi Oktoba, barabara zikiwa kavu, IST inakwenda Mikumi bila shida. Lami ya kwenda Iringa inakatiza hifadhi kwa takribani kilometa 50, na njia kuu za uwanda wa Mkata, ukishaingia getini, hupitika na gari lililo chini. Udzungwa ni rahisi zaidi kwa sababu ndani hakuna barabara za magari kabisa. Unaegesha Mang'ula, kwenye barabara ya Mikumi kwenda Ifakara, unapewa mwongozaji, unapanda kwa miguu hadi maporomoko ya Sanje yenye kimo cha meta 170. Njia kuu za hifadhi ya Arusha nazo si mbaya wakati wa ukavu.

Usijaribu kreta ya Ngorongoro, kwani gari lisilo na fowili haliruhusiwi kushuka, na ukiiona ile miteremko hutauliza kwa nini. Saadani, Nyerere, Ruaha na Katavi pia waachie wenye magari marefu. Humo kuna mchanga na mabonde ya udongo mweusi, na ukiharibikiwa unaweza kukaa saa nyingi kabla ya gari la pili kupita.

Kwenye lami ya Mikumi mwendo wa vipande vyenye vibao ni kilometa 50 kwa saa, na matuta yamewekwa kwa sababu. Anayemgonga mnyama hulipishwa faini kulingana na aina ya mnyama, mbali na gharama ya gari. Hatari ni kubwa zaidi jioni na usiku. Swala akimulikwa husimama katikati ya njia, na aliyevuka wa kwanza mara nyingi ana wenzake nyuma. Ukimwona mmoja, punguza na uwasubiri wengine.

Sasa kukwama. Udongo mweusi wa mbuga ukiwa mkavu unapasuka nyufa na kubeba hata lori. Ukinyeshewa nusu saa tu unageuka gundi. Unajaza kashata za tairi, tairi linakuwa laini kabisa, linazunguka pale pale. Kosa la kwanza la karibu kila dereva ni kuzidisha mafuta. Kila mzunguko unachimba shimo, na gari likishakalia tumbo hata wanaume kumi hawalisogezi. Ukihisi tairi linazunguka bila gari kusogea, ondoa mguu.

Kisha fuata mpangilio huu. Kabla ya kufungua mlango, tazama pande zote nne, pamoja na vichaka na chini ya miti yenye kivuli. Simba hulala hapo. Kama kuna mtandao, piga namba ya geti iliyo kwenye risiti au kwenye kibao mlichopita, mseme mmekwama wapi. Mtu mmoja abaki amesimama akiangalia pori tu, asishike beleshi wala simu. Ondoa tope mbele na nyuma ya tairi zinazovuta, na kwenye IST ya kawaida hizo ni za mbele. Tunalisema kwa sababu watu wengi huhangaika kuweka mazulia kwenye tairi za nyuma ambazo hazina kazi. Punguza upepo, kutoka 32 hivi hadi 18 au 20 kwenye geji. Tairi linatanuka, linagusa eneo refu zaidi, uzito unasambaa. Laza mazulia ya gari mbele ya tairi hizo, sehemu ya manyoya ikitazama chini. Usikate matawi, kwani ni kosa ndani ya hifadhi, na mengi ni ya miiba itakayokutoboa.

Jaribu kurudi nyuma kwanza. Njia uliyokuja nayo imeshashindiliwa na tairi zako mwenyewe, ya mbele huijui. Weka gia ya nyuma, kanyaga polepole, usukani ukiwa umenyooka. Wanaosukuma wakae pembeni ya tairi, wasikae kwenye mstari wake, maana zulia huweza kuchomoka kwa nguvu. Kama unavutwa na gari jingine, kamba ifungwe kwenye ndoano ya kuvutia, kamwe isifungwe kwenye bampa. Tupia blanketi au koti zito katikati ya kamba ili ikikatika isiruke, na watu wote wasimame mbali kuliko urefu wa kamba yenyewe.

Ukishatoka, endesha chini ya kilometa 30 kwa saa bila kukata kona kali, kwa sababu tairi lenye upepo mdogo linaweza kuchomoka kwenye ringi. Jaza upepo kabla ya kurudi lami. Tairi laini kwenye mwendo wa kilometa 80 hupata joto na kupasuka. Maana yake ni kwamba pampu ndogo ya kuchomeka kwenye gari na geji ni muhimu kuliko hata jeki ya pili, na wengi hawabebi.

Nyumbu walikwenda wapi?

*Tulifika Seronera katikati ya Julai kwa ajili ya nyumbu. Tuliona simba, chui, tembo, nyumbu hata mia hawakufika. Tulidanganywa? Mama wa watoto watatu, Mwanza.*

Hapana mama, mlipelekwa mahali pazuri kwa mwezi usio wake. Katikati ya Julai sehemu kubwa ya nyumbu, ambao jumla yao ni zaidi ya milioni 1, huwa wameshapita Seronera, wako magharibi au wanaelekea kaskazini. Kutoka Seronera hadi Kogatende, kwenye mto Mara, ni safari ya karibu nusu siku. Hamkukosa bahati, mlikosa barabara hiyo.

Nyumbu hufuata nyasi, na nyasi hufuata mvua. Kuanzia Desemba hadi Machi wako kusini, Ndutu na nyanda zinazoizunguka. Nyasi za huko ni fupi, zimeota juu ya majivu ya volkano yenye kalisi na fosforasi kwa wingi, na hayo ndiyo madini anayoyahitaji mama anayenyonyesha. Wengi huzaa ndani ya wiki 3 hivi za Februari. Ndama husimama baada ya dakika chache, na kwa kuwa wamezaliwa wengi kwa mpigo, fisi na simba hawana tumbo la kuwamaliza. Kwa maoni yetu hiki ndicho kipindi bora kwa familia kuliko kile cha mto kinachotangazwa sana. Uwanda ni wazi, watoto wanaona kila kitu, na hakuna kusubiri.

Mvua za masika zikiisha, nyanda za kusini hukauka na maji yaliyobaki huwa ya chumvi. Kundi huondoka kuelekea magharibi, Grumeti, Mei na Juni, kisha kaskazini. Kuvuka mto Mara hutokea kati ya Julai na Oktoba, na wengine huingia Maasai Mara upande wa Kenya. Mvua za vuli zikianza, Novemba hivi, wanarudi kusini.

Anayetaka kuona wakivuka ajiandae kwa uvumilivu. Kundi linaweza kusimama ukingoni kwa muda wa saa nne, likageuka na kuondoka bila hata mmoja kulowa. Mara nyingi sababu ni magari yaliyojipanga kwenye njia yao. Mwambieni dereva akae mbali na ukingo mpaka wa kwanza waingie majini. Wakishaanza hawaachi, na hapo mnaweza kusogea.

Msisahau kuwa hifadhi nyingine zina kalenda tofauti. Tarangire hujaa tembo kati ya Julai na Oktoba, mto unapokuwa tegemeo la maji. Kitulo, ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu, hutembelewa Desemba hadi Aprili wakati maua yamechanua, yaani wakati huo huo ambao hifadhi nyingi nyingine zina tope.

Tulilipa mara mbili

*Tulitoka Karatu kwenda Serengeti. Ngorongoro hatukuangalia mnyama, tulipita tu, bado wakatutoza. Kurudi tena wakatutoza. Je, ni halali? Msomaji, Moshi.*

Ni halali. Barabara kutoka geti la Loduare hadi mpakani kuelekea Naabi iko ndani ya eneo la Ngorongoro, na mpita njia mwenye safari ya utalii hulipa kama mgeni mwingine. Kwa kuwa kibali huisha baada ya saa 24, anayelala Serengeti siku mbili atalipa tena wakati wa kurudi. Ushuru wa kushuka kreta ni mwingine, unatozwa kwa gari. Kwa hiyo panga kreta iwe siku ile ile unayopita kurudi Karatu. Unatoka Serengeti mapema, unashuka Seneto, unapanda Lerai, na lazima uwe umetoka kreta kabla ya saa 12 jioni.

Kwa anayelala ndani ya hifadhi, saa huanza kuhesabiwa kutoka muda uliopigwa kwenye kibali, si kutoka asubuhi. Aliyeingia Naabi saa 8 mchana ana hadi saa 8 mchana kesho yake. Aliyeingia saa 4 asubuhi akalala, na kutaka kutoka saa 6 mchana, amepitiliza. Andika muda huo kwenye kiganja kama huamini kumbukumbu yako. Ukitoka nje kula au kununua mafuta, kibali kimeisha hata kama saa zimebaki.

Malipo ni kwa kontroo namba au kadi, fedha taslimu hazipokelewi. Raia abebe kitambulisho cha taifa. Lafudhi ya Kiswahili haimshawishi karani.

Darubini inaniumiza kichwa

*Nimenunua darubini, baada ya dakika tano kichwa kinauma na ndege simwoni. Fundi anasema ni nzima. Mpenzi wa ndege, Tanga.*

Fundi yuko sawa. Karibu kila darubini hutoka dukani bila kupangwa kwa macho ya mtu, na macho mawili ya mtu mmoja hayafanani. Ubongo ukiletewa picha mbili zisizolingana unalazimisha kuziunganisha, ndiyo yale maumivu.

Anza na bawaba ya katikati. Ikunje au ikunjue huku ukitazama mbali hadi ile miduara miwili iwe mmoja. Ukivaa miwani, vikombe vya macho virudishwe chini kabisa. Usipovaa, vivutwe juu. Sasa tafuta kitu chenye maandishi au kingo kali, umbali wa meta 30 hivi, mfano kibao cha duka. Ziba lenzi ya mbele ya kulia kwa kiganja, acha macho yote wazi, zungusha gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione herufi kali. Kisha ziba ya kushoto. Usiguse tena gurudumu la katikati. Zungusha ile pete ndogo iliyo kwenye kikombe cha kulia, pembeni yake pana alama ya sifuri, kujumlisha na kutoa, mpaka jicho la kulia nalo lione kali. Soma pete imesimama wapi na uweke alama kwa kalamu isiyofutika, kwa sababu mkoba utaizungusha siku moja bila wewe kujua. Tangu hapo unatumia gurudumu la katikati tu.

Kumpata ndege ni zoezi jingine. Wengi huinamisha kichwa kwenye darubini halafu huanza kumtafuta ndege ndani yake. Fanya kinyume: mkazie macho ndege, usiyaondoe, kisha leta darubini kwenye macho. Ndege atakuwa katikati.

Kuhusu namba, 8x42 maana yake ni kukuza mara 8 na lenzi ya mbele yenye upana wa milimeta 42. Gawa 42 kwa 8 upate 5.25, huo ni upana wa mwanga unaoingia jichoni kwa milimeta. Zile ndogo za mfukoni za 10x25 zinatoa 2.5 tu. Uwandani mchana hutaona tofauti kubwa, lakini chini ya miti ya Amani au Magamba ndege atakuwa kivuli cheusi. Tena kukuza mara 10 kunakuza na mtetemo wa mkono. Kwa misitu yetu chagua 8x42 na usishawishike na muuzaji mwenye darubini ya mara 20.

Ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi, iache ndani ya mkoba robo saa izoee joto, la sivyo itaingia ukungu. Vumbi lipulizwe kwanza ndipo kitambaa kipite, maana punje ya mchanga ikisuguliwa huchora lenzi milele. Nyumbani usiihifadhi kwenye mfuko wa ngozi. Unyevu wa pwani huotesha kuvu ndani ya lenzi, na kuvu ikishakula ule utando hakuna dawa. Kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vinatosha.

Mbung'o hawasikii dawa

*Tarangire tulijipaka dawa ya mbu, mbung'o wakatuuma hata kupitia jinzi. Msomaji, Dodoma.*

Dawa ya mbu hufanya kazi kidogo sana kwa mbung'o, kwa sababu yeye hutegemea sana macho. Hufuata kitu kikubwa kinachosogea, yaani gari lako, na huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi. Vile vitambaa vya buluu na nyeusi mnavyoviona vimening'inizwa porini ni mitego iliyotengenezwa kwa kujua udhaifu huo huo. Jinzi ya buluu, basi, ni mwaliko. Vaeni kaki, kijani iliyopauka au rangi ya mchanga, nguo iwe pana, kwani iliyobana mdomo wake unaipenya.

Sehemu yenye mbung'o wengi pandisheni vioo na mpite bila kusimama. Walioingia wauawe kabla ya kufungua tena. Baadhi ya madereva hufukiza kinyesi kikavu cha tembo kwenye kopo nyuma ya gari. Husaidia kiasi gari likiwa limesimama, ila kiangazi cheche moja kwenye nyasi ni janga, kwa hiyo hatulipendekezi.

Mbung'o wachache hubeba vimelea vya malale. Uwezekano ni mdogo, lakini aina ya Afrika Mashariki huenda haraka. Homa ikija ndani ya wiki 3 baada ya safari, pengine na kidonda chekundu pale ulipoumwa, nenda hospitali, upime malaria, na useme wazi kwamba ulikuwa hifadhini na uliumwa na mbung'o. Usiposema, watapima malaria, watakuta hakuna, watakupa dawa za maumivu na kukurudisha nyumbani.

Unguja walimalizwa kabisa miaka ya 1990, kwa kuachia madume yaliyofanywa tasa. Jike kwa kawaida hupandwa mara moja na huzaa lava mmoja mmoja, kwa hiyo akipandwa na dume tasa ukoo wake umekoma.

Tembo katikati ya njia

*Tembo akiziba njia, nizime gari au nisizime? Kila dereva ana lake. Msomaji, Iringa.*

Inategemea umbali na amekujaje. Akiwa mbali na ametulia, anakula, anapunga masikio taratibu, zima na mtazame. Akiwa karibu na injini inanguruma, iache hivyo hivyo. Kuiwasha ghafla mbele ya pua yake kunamshtua kuliko kuiacha.

Soma mwili wake. Akisimama wima, kichwa juu, masikio yametandazwa, anakupima na kukuonya. Rudi nyuma polepole, meta 20, 30, mpaka masikio yashuke. Akiinamisha kichwa, masikio yamebanwa nyuma na mkonga umekunjwa chini, chukulia kwamba anakuja kweli. Dume lenye michirizi myeusi iliyolowa kati ya jicho na sikio, mkojo ukidondoka miguuni, limo kwenye kipindi cha joto la uzazi; hilo usilipe nafasi ya kukuonya, ondoka mapema. Usipige honi. Usimwashie taa. Usipite kati ya mama na mtoto, hata kama pengo linatosha malori mawili. Na wakati wote acha njia nyuma yako iwe wazi: magari mawili yaliyobanana nyuma yako ni hatari kuliko tembo mwenyewe, kwa hiyo mshushie mwenzako kioo umwombe aachie nafasi.

Kwa miguu, na daima ukiwa na askari wa hifadhi, wasiwasi zaidi ni nyati dume mzee anayetembea peke yake, na kiboko aliye nchi kavu nawe umesimama kati yake na maji.

Nina mafua, Gombe inaningoja

*Safari ya Gombe ni kesho kutwa na nimeanza kukohoa. Nivae barakoa niende? Msomaji, Kigoma.*

Usiende, dada. Sokwe hupata magonjwa yetu ya njia ya hewa, na virusi vinavyokupa wewe mafua ya siku tatu vimewahi kuua sokwe wengi katika makundi yaliyozoeshwa watu. Barakoa na umbali wa meta 10 ni kwa watu wazima wa afya ambao hawajijui kama wamebeba kitu. Hazikusudiwi kumpitisha mgonjwa. Waombe wakubadilishie tarehe. Aliyeanza kuwafuatilia sokwe hao, Jane Goodall, alifika mwaka 1960, na watafiti bado wapo; sokwe hawatahama kabla hujapona.

Vinyonga wa usiku

*Amani tulitembea mchana kutwa tukaona kinyonga mmoja. Wenzetu wanasema waliona kumi kwa saa moja usiku. Inawezekana? Wanachuo, Muheza.*

Inawezekana sana. Mchana kinyonga ana rangi ya majani na anajificha. Usiku hulala kwenye ncha ya kijiti chembamba, ili nyoka akija kijiti kitikisike kimwamshe, na ngozi yake hupauka. Ukimulika anang'aa, mweupe kidogo kuliko majani, mkia umejiviringa chini yake.

Mwombeni mwongozaji wa TFS, muanze saa 1 jioni. Kila mtu awe na tochi, aishike usawa wa jicho, si kiunoni. Mwanga ukitoka karibu na jicho lako unarudi moja kwa moja kwako. Mulikeni ncha za matawi kuanzia gotini hadi meta 3 juu, kando ya njia na ukingoni mwa msitu, polepole. Kwenye majani makavu chini na vijiti vya usawa wa kifundo tafuteni vinyonga wadogo wa kahawia, urefu wa kidole, wanaofanana na jani lililonyauka. Macho mekundu yanayoruka juu ya miti ni ya komba. Msimshike kinyonga wala kumtoa kijitini, na mkimpiga picha msimulike zaidi ya dakika moja.

Soksi ndefu zivaliwe juu ya suruali kwa ajili ya kupe na siafu. Mkikuta mstari wa siafu, rukeni, msisimame kuutazama. Wanapanda kimya na huuma wakiwa wameshafika mapajani. Mchana, kabla hamjaondoka, kagueni miamba yenye kivuli karibu na vijito. Yale maua madogo ya zambarau yenye majani ya manyoya ni Saintpaulia, mababu wa maua ya chungu yanayouzwa madirishani dunia nzima. Yalipelekwa Ujerumani mwaka 1892 na ofisa wa kikoloni, Walter von Saint Paul-Illaire, ambaye jina lake ndilo yanaloitwa. Kung'oa hata mche mmoja hakuruhusiwi.

Unyoya na pembe

*Mtoto ameokota unyoya wa kanga pori na kipande cha pembe. Tuvichukue? Msomaji, Arusha.*

Msivichukue. Pembe, jino, ngozi, mfupa na hata manyoya ya mnyamapori ni nyara za serikali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na kukutwa navyo bila kibali ni kosa hata kama viliokotwa. Gari linaweza kukaguliwa mnapotoka. Mtoto apige picha, arudishe pale pale. Ikiwa ni jino la tembo au pembe ya faru, msiliguse kabisa: soma namba za mahali kwenye ramani ya simu, endesha hadi geti la karibu, mwambie mhifadhi wa zamu.